Mwanamke wa Kitabuni

…na maji yenyewe si mengi, hayafiki hata kitovuni, ameyapima kwa kiwiko kama anavyofanya mama mkwe, akaona ya moto, akaongeza ya baridi, akaona yamepoa mno, akaongeza ya moto, akapima tena na tena mpaka sauti ya mama mkwe ikaja kutoka koridoni, "Wewe unaogesha mtoto au unapika supu?" naye akacheka kidogo ili asikike kwamba amecheka, akamvua mtoto nepi, akamshika kama alivyoonyeshwa, mkono wa kushoto chini ya shingo, kidole gumba begani, akamshusha polepole, matako kwanza, halafu miguu, halafu mgongo, na sasa mtoto yumo majini na yeye amepiga magoti mbele ya beseni la bluu, mlango wa bafu uko wazi, jua la asubuhi limeingia kwa kidirisha cha juu na kukaa ukutani, kila kitu ni cha kawaida, sabuni, kopo, taulo begani, na ndani ya kichwa chake yule mwanamke wa kitabuni naye amepiga magoti, naye ana mtoto mkononi, naye maji yake ni vuguvugu… la, usimfikirie huyo, fikiria sabuni, sabuni iko wapi, iko hapa, anaichukua kwa mkono wa kulia na mkono unatetemeka, wa kushoto hautetemeki, ajabu, wa kushoto umetulia kama mkono wa mtu mwingine, na utulivu huo ndio unaomtia baridi mgongoni, maana mwanamke wa kitabuni naye alikuwa ametulia, sura nzima ya mwisho hapakuwa na alama ya mshangao hata moja, ametulia kama mtu anayesuuza vikombe, "…nikamwambia fundi, bomba hilo huliwezi, sema tu huliwezi…" mama mkwe anaendelea na hadithi yake huko nje, ya bomba au ya fundi, amekaa kwenye kiti cha mbao kinacholia kila akijigeuza, anakunja nepi kwa mkono mmoja, ncha moja ameibana kwa kidevu, kwa sababu mkono wa pili umefungwa bendeji, jana aliteleza kwenye ngazi za nje kifundo kikavimba kama kimeumwa na nyuki, na mtu wa mkono mmoja hawezi kuogesha mtoto anayeteleza kama samaki, "Leo zamu yako," alisema asubuhi akipuliza chai, bila kumwangalia, na baba mtoto alishaondoka na mkoba wake wa koleo na nyaya kwenda kuwasha taa za watu, hapakuwa na wa kumkimbilia… kwa sababu hajawahi kumwogesha, hilo ndilo asilolijua mtu, au wanalijua na hawalisemi, tangu mtoto atoke hospitali hajamwogesha mara moja, kwanza ulikuwa mshono, na kweli ulikuwa unauma, mshono ukapona ukaja mgongo, mgongo ukapona kikaja kizunguzungu, na mama mkwe, aliyekuja kukaa wiki mbili tatu na sasa viatu vyake vina mahali pao pa kudumu mlangoni, hakuuliza, alipandisha tu mikono ya gauni akaingia bafuni na mjukuu wake, "Haya mume wangu, twende tukaoge, hawa vijana wa siku hizi mifupa yao ni ya karatasi," na yeye hubaki chumbani amekaa juu ya mikono yake mwenyewe, ameikalia kabisa, kama mtu anayeficha kitu, akisikiliza maji yanavyomwagika mpaka asikie mtoto analia kwa kutolewa, ndipo anapumua.

Kitabu alikitoa kazini, kama vyote, kiwanda cha uchapaji, idara ya kubandika majalada, ambako yeye husimama mwisho wa mashine akitoa nakala mbovu, jalada limepinda, gundi imefurika, kurasa zimeingia kichwa chini miguu juu, na nakala mbovu msimamizi huwaachia wachukue, wenzake huchukua vya mapishi na vya hesabu za watoto, yeye huchukua riwaya, wala si za mapenzi, hupenda zile za giza, za watu wanaobomoka kutoka ndani huku nje wamechana nywele vizuri, mlinzi wa chumba cha maiti aliyeanza kuwajibu wasiomuuliza kitu, jaji mstaafu asiyeweza kukaa chumba chenye kiti kitupu, wale dada wawili waliomfungia kaka yao chumba cha uani wakawa wanampelekea maua, alizisoma zote, kiwandani wakampachika jina Mama Msiba, "Mama Msiba, leo kafa nani?" naye hujibu, "Bado, nipo ukurasa wa hamsini," wakacheka wote, hata msimamizi… na baba mtoto, enzi hizo hajawa baba wa mtu, humkuta kitandani macho yamemtoka, "Shida za dunia hazikutoshi mpaka ukatafute za vitabuni?" na yeye jibu alikuwa nalo ila ni refu, kwamba kutwa nzima anaulizwa habari na anajibu nzuri, habari za asubuhi nzuri, habari za kazi nzuri, habari za nyumbani nzuri, hata mama yake mzazi siku ile yuko kwenye kitanda cha hospitali mipira puani waliulizana habari wakajibizana nzuri, na mle vitabuni ndimo mahali pekee alipomkuta mtu anafungua mdomo na kusema habari si nzuri, ni mbaya, tena kaa nikueleze mbaya kiasi gani, na akimaliza kusoma hufunga kitabu na kujisikia mwepesi, kama mtu aliyetapika kitu kilichokuwa kinamsumbua tumboni, anaamka anapika, anaimba, mumewe anashangaa, "Leo kafa nani mbona una furaha?" lakini huyu mwanamke, huyu wa maji, alimsoma mimba imeshakuwa kubwa, amesimama pembeni ya mashine tumbo linagusa meza, na huyu hakumwacha mwepesi… mtoto anapiga teke, maji yanamrukia usoni, anashtuka, mkono wa kushoto unakaza, kumbe umeshika, umeshika barabara, "Taratibu mume wangu, usimloweshe mamako!" mama mkwe anaita kwa kusikia tu, masikio yake hayo, angeajiriwa polisi… si kwamba kitabu kilikuwa kibaya, kilikuwa kizuri mno, hilo ndilo tatizo lake, mwandishi hakupiga kelele wala hakusema tazameni mwovu, alimwingiza msomaji kichwani mwa yule mwanamke taratibu kama unavyoingiza uzi tunduni, nyumba karibu na reli, mvua isiyokatika, mume wa safari, mtoto anayelia, na sababu zake zikawa zinakwenda moja baada ya nyingine, safi, zimenyooka, ukasoma huku unatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, mpaka ukafika kwenye beseni ukajikuta bado unatikisa kichwa, hapo alikifunga kitabu kwa kishindo, jirani yake wa mashine akauliza, "Mama Msiba, vipi?" akasema, "Nzuri."

Na siku chache baada ya kurudi kutoka hospitali, mama mkwe anamwogesha mtoto na yeye amesimama palepale mlangoni na taulo, wazo lilikuja, halikuja kwa sauti yake, lilikuja kwa maandishi, kama mstari wa kitabu, vipi kama mkono ungeachia, hivyo tu, maneno manne, taulo likamdondoka… akalikataa, likarudi, akalikataa kwa nguvu zaidi, likarudi na picha, na kila likija yeye anaona kitu kinapasuka katikati ya kifua, anampenda huyu mtoto mpaka pua zinamuuma, hunusa utosi wake mchana kutwa, basi lilitoka wapi, likajijibu lenyewe, limetoka kitabuni, wewe mwenyewe umelileta nyumbani, ulilisoma na mtoto yumo tumboni, ukamsomea, umeipanda mbegu kwa mkono wako, na baba mtoto alipomkuta jioni moja analia juu ya sinki bila sababu yoyote ya kuelezeka, akasema kwa upole, maana si mtu mbaya, "Hivi vitabu vyako vinakumaliza," akaleta boksi la feni, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvitia humo, vyote, mlinzi wa maiti, jaji, dada wawili, na yule mwanamke chini kabisa kifudifudi, mumewe akapandisha boksi juu ya kabati, usiku ule alilala, akasema limekwisha, limekaa juu ya kabati… asubuhi lilikuwa limeamka kabla yake. Kliniki nesi alimuuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?" akasema nzuri, mtoto alikuwa ameongezeka kilo wakampongeza, angesema nini, aseme hivyo wamchukue mtoto, aseme hivyo baba mtoto aanze kumwangalia kama unavyomwangalia mbwa aliyewahi kuuma, kwa upole, kwa mbali, bila kumgeuzia mgongo, basi akafunga mdomo, na sasa hata vitabu hamna, hata mtu mmoja wa karatasi wa kumwambia habari zake si nzuri hamna, yuko peke yake na maneno manne, na kadiri alivyonyamaza ndivyo yalivyonenepa, "…sasa fundi akaondoka ameacha bomba wazi, unaona akili hiyo? Habari za humo? Mbona kimya?" mama mkwe anauliza, na jibu liko tayari mdomoni, limekaa kwenye ncha ya ulimi linapokaa siku zote, neno moja jepesi, angelitema tu likajiendea, lakini mtoto amemwangalia, macho makubwa, ameinua nyusi zake zisizo na nywele kama naye anasubiri kusikia, na yeye anasikia sauti yake inasema, "Si nzuri, Mama."

Nepi imeacha kukunjwa, "Naogopa mikono yangu," anasema, "naogopa… itamwachia, naiona inamwachia, kila nikiona maji naiona, sitaki, sijui kwa nini naiona," na keshasema, imetoka, haiwezi kurudi, na sasa anasubiri kiti kilie, anakijua kile kiti, kitalia, kisha ndala zitaburuzwa haraka, kisha mikono miwili, hata ule wenye bendeji, itaingia mbele ya uso wake na kumchukua mtoto, na atakuwa na haki, angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo, anasubiri, maji yanacheza pembeni ya beseni, anasubiri… kiti hakilii. "Wewe umemshika?" mama mkwe anauliza, sauti ileile ya bomba na fundi. "Nimemshika." "Shingo?" "Nimeishika." "Haya. Paka sabuni huku tunaongea, maji yasije yakapoa," na kiti hakilii, mwanamke huyu amesikia kila neno na hajainuka, amekaa huko na mjukuu wake wa pekee yuko huku majini, mikononi mwa mtu aliyesema anaiogopa mikono hiyo, na hajainuka, anasema paka sabuni, na yeye anapaka, kifua, tumbo, miguu minene yenye mikunjo, machozi yanadondokea humohumo majini, mama mkwe amekohoa, ameanza tena lakini polepole, "Mumeo huyu nilipomzaa tulikaa ghorofa ya nne. Kulikuwa na kibaraza. Basi kibaraza kile sikukikanyaga, nguo nikaanika ndani, kwenye viti, kwenye milango, nyumba nzima ikanuka ubichi. Baba yao ananiuliza, kamba iko nje, jua liko nje, wewe unaanika kwenye viti? Namwambia kuna vumbi. Vumbi gani! Nilikuwa nikiukaribia ule mlango na mtoto, naiona mikono hii inamrusha. Naiona, mwanangu, kama naangalia sinema. Mtoto nampenda, na mikono inamrusha," na yeye amesimamisha sabuni hewani, kumbe hata mama mkwe, mwanamke anayemkemea mwenye nyumba hadharani, mwanamke anayelala saa ileile na kuamka saa ileile kama jogoo, "Ulimwambia nani, Mama?" "Nani wa kumwambia? Ningeonekana kichaa. Alikuja nesi kupima watoto wa jengo zima, akaziona nguo kwenye viti. Wengine wote waliona nguo, yeye akauliza, mama, huko kibarazani kuna nini? Nikalia mpaka mtoto akaamka. Akanambia, wazo ni kama nzi, dirisha liko wazi ameingia, hakuja kwa sababu wewe mchafu. Akanambia, mtu anayetetemeka hivi kwa ajili ya wazo lake, mimi namwachia mtoto nakwenda zangu. Ila siku ukiacha kutetemeka, siku wazo hilo likianza kukwambia ni kwa faida ya mtoto, siku hiyo usingoje kukuche, njoo unigongee," …kwa faida ya mtoto, ndiyo maneno yenyewe, yako kitabuni, ukurasa wa kushoto chini, gundi imevuja hapo, ni kwa faida yake, anasema yule mwanamke, na kuanzia mstari ule hatetemeki tena, kuanzia pale ndipo alama za mshangao zinapokwisha, na yeye, miezi yote hii akijipima naye, beseni kwa beseni, mkono kwa mkono, hakuona kwamba yeye hajawahi kuufikia mstari ule, hata siku moja, hata kwa mbali, yeye alidondosha taulo, yeye alikalia mikono, yeye amepima maji mpaka akaitwa mpika supu, mkono wa kulia huu hapa unatetemeka bado, tetemeka, mkono wangu, tetemeka baba, na wa kushoto umetulia kwa sababu wa kushoto ndio wenye kazi, umeshika shingo ya mtoto…

na kingine kinakuja, kitu alichokuwa amekisahau kabisa, katikati ya kitabu, kabla ya mambo kuharibika, yule mwanamke anajifunga mtoto mgongoni, anavuka reli kwenye mvua, anabisha kwa jirani, amekwenda kusema, msomaji unajua amekwenda kusema, maneno yamempanda mpaka kooni, na jirani anafungua mlango anamwambia mvua hii jamani, nguo zitakauka lini, mwanamke anasema, ndiyo, nguo, halafu anaomba chumvi, anapewa chumvi ndani ya karatasi, anavuka tena reli anarudi nyumbani na chumvi, basi, sura imekwisha, na yeye aliipita ile sura haraka kwa sababu alikuwa anakimbilia mwisho, alikuwa anataka kujua leo kafa nani, kumbe mwandishi kitabu chake kilikuwa pale, pale mlangoni na ile chumvi, alikuwa anawaambia watu wote walio na vinywa vya kusema nzuri, mwulizeni huyu kuna nini kibarazani, hakuwa anapanda mbegu ya mtu, alikuwa anabisha hodi, na yeye aliyesoma riwaya za giza miaka yote akijiona hodari alisoma hodi akadhani ni laana… masikini yule mwanamke, anamwonea huruma ghafla, huruma ya kweli, kama ya mtu wa ukoo, miezi yote alikuwa anamkimbia wakati ni mtu wa kukaribishwa ndani akapewa kiti, "Nilikuwa nakuona," mama mkwe anasema, "unavyoyaangalia maji, kama mtu mliyegombana naye. Nikasema nimpe muda, atasema. Husemi. Nikasema labda ni mimi, labda mimi sisemezeki. Ningekuuliza mapema, mwanangu. Hata mtu mzima naye ana uoga wake," na yeye anataka kusema si wewe Mama, anasema, "Kilikuwa kitabu, nilidhani ni kitabu," mama mkwe anaguna, "Kitabu! Mimi sijasoma kitabu tangu niolewe, na kibaraza nilikiogopa vilevile," na hapo kicheko kinamtoka, kinamtoka na kamasi na machozi, mtoto anashtuka kwa kicheko hicho, uso unajikunja, wote wawili bibi na mama wanangoja kilio, badala yake unapanda juu mkojo, mwembamba, umenyooka, unampiga mamaye kwenye kidevu, "Ameniogesha mimi, Mama!" "Safi sana mume wangu! Na wiki ijayo tunakwenda kliniki wote, ukamwambie na nesi, umwambie kama ulivyoniambia mimi, usiniletee ile nzuri yako. Mimi si daktari, mimi najua nepi tu." "Ndiyo Mama." "Na mumeo utamwambia?" anafikiri, koleo, nyaya, boksi la feni, ule upole wake usiojua pa kushika, "Nitamwambia," anasema, na anaona anaweza, si leo labda, lakini anaweza, atamwambia na habari za siku zile na za kile kibaraza cha ghorofa ya nne alichokuwa akibebwa mbali nacho bila kujua… maneno manne yapo bado, hayajahama, yanazunguka huko juu karibu na balbu, vipi kama mkono ungeachia, yamezunguka, yametua, yameruka tena, na yeye hakuyafukuza wala hakuyajibu, ameyaona tu, haya, nimewaona, mtoto wangu anaoga, na maji bado ni vuguvugu, hata hayajapata muda wa kupoa, jua liko palepale ukutani, mama mkwe ameibana nepi nyingine kwa kidevu na sauti yake inatoka imekabwa, "Umefika shingoni? Huko ndiko maziwa hujificha, usioshe tumbo tu kama gari," na yeye anamlaza mtoto nyuma kidogo juu ya mkono wa kushoto, anafunua ule mkunjo mnene chini ya kidevu, na kweli yamo, meupe, mabichi, yananuka uchachu mtamu, "Yamo, Mama." "Mengi?" "Mengi." "Basi yatoe," anasema mama mkwe, na yeye anaingiza kidole na kuyatoa, polepole, mkunjo baada ya mkunjo, mtoto amefumba macho amejiachia mzimamzima mkononi mwake…